Rangi ya Tochi ya Baba

Napenda kuutangazia umma, kwa heshima na taadhima, kwamba likizo hii nimefungua Taasisi Kuu ya Utafiti wa Mwanga. Mkurugenzi ni mimi. Mhandisi ni mimi. Makao makuu ni kigoda kilicho kati ya ndoo ya maji na cherehani ya mama, na mitambo yote ya taasisi inaenea kwenye kopo moja la mafuta ya kujipaka: bisibisi iliyovunjika ncha, kikata kucha, na gundi ya karatasi inayonata vidoleni kuliko inavyonata kwenye waya.

Bwenini nilikuwa na jina tayari. Muhula uliopita nilibandika popo wa karatasi kwenye kioo cha tochi, nikammulikia matroni ukutani. Alipomaliza kupiga mayowe nikatunukiwa kuosha vyoo, wiki tatu. Tochi ikataifishwa. Lakini nilikuwa nimeshajifunza kuifungua: kofia ya mbele, kioo, sahani yenye vitaa tisa vya LED, springi, betri tatu ndogo. Kitu cha bei ya soda, na ndani kumejaa mambo.

Nyumbani nilinunua nyingine kama hiyo, kwa kazi nzito zaidi. Tochi za siku hizi zina mwanga mweupe kama wa wodini. Mimi nilitaka wa njano, tena si njano yoyote. Nilitaka njano ya tochi ya baba, ile ya balbu, aliyoondoka nayo alipokwenda kutafuta kazi mbali. Huu ni mwaka wa pili.

Zamani, akitoka zamu ya jioni kiwandani, baba alikuwa akifika kwenye kona ya ukuta wa jirani anamulika dirisha letu: mara moja kwa kuvuta, mara mbili upesi. Mama hapendi kugongewa mlango, humshtua. Akiona mwanga tu anavuta komeo, na baba anakuta mlango wazi kabla hajafika. Alipoondoka alipiga simu kila Jumapili. Kisha kila mwezi. Muhula wote uliopita hakupiga, na mama hamtaji. Mimi naweza kumtania mtu yeyote, hata mwalimu wa zamu mwenye fimbo mkononi, ila kumuuliza mama habari za baba kumenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Fundi redio wa mtaani kwetu alikuwa na vitaa vya njano, alivyoving'oa kwenye bango bovu la duka.

"Vya nini?" akauliza.

"Vya shule. Mradi wa sayansi."

"Shule si zimefungwa?"

"Sayansi haifungwi, mjomba."

Akacheka, akaniazima na chuma cha kuchomelea, kwa sharti kwamba nikae hapo hapo kibarazani kwake, nisije nikamchomea mama nyumba. Nilichomelea vitaa vyote tisa, ulimi nje. Nikabonyeza. Giza.

"Hongera," fundi akasema. "Umegundua tochi ya kumulikia usingizi."

Kumbe nilivipachika vyote kinyume. Kitaa cha LED kina mguu mrefu na mguu mfupi, na umeme huingilia mguu mrefu tu. Ukikosea hakilalamiki, kinanyamaza. Nikaanza upya.

Safari hii viliwaka, lakini duara la mwanga lilikuwa pana mno, safi mno. La baba lilikuwa na kiini kikali katikati, kama cha yai, na pete ya kivuli pembeni. Basi vitaa tisa nilivyovitolea jasho nikaving'oa vinane. Kilichobaki nikakizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya biskuti, na kioo nikakisugua ukingoni kwa mchanga. Ilinichukua siku tatu. Siku ya nne nilimulika ukuta wa bafuni, nikaona kiini kile kile na pete yake.

Jioni hiyo, kigiza kikianza kushika, nilimuaga mama kwamba naenda kununua chumvi. Mpango ulikuwa hivi: mama atatoka, nitamrukia, atanifukuza na kandambili, tutacheka tukae chini, na hapo baba atatajika tu.

Nikasimama konani. Dirishani cherehani ilikuwa ikinguruma. Nikamulika: moja kwa kuvuta, mbili upesi.

Cherehani ikanyamaza katikati ya mshono. Kiti kikaburuzwa. Komeo likavutwa upesi, na mama akatoka peku, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akijifunga kitambaa cha kichwa upya kwa mikono miwili huku akitembea. Alikuwa akitabasamu, tabasamu nililokuwa nimesahau kwamba analo.

Kicheko nilichokiandaa kikaniishia. Nikazima, nikajibana ukutani kama mwizi wa kuku.

"Mbona unazima?" mama akasema kwa sauti ya chini. "Njoo. Mlango uko wazi."

Akafika konani. Akanitazama, akaitazama barabara yote nyuma yangu mpaka mwisho wake, kisha akanirudia.

"Ni wewe."

"Shikamoo, mama," nikasema, kana kwamba hatukuwa pamoja tangu asubuhi.

"Chumvi iko wapi?"

"Sijanunua."

Akanyoosha mkono. Nikampa tochi. Akaiwasha, akaifunika kwa kiganja, nyama ya vidole ikang'aa nyekundu.

"Rangi hii umeitoa wapi?"

"Kwa fundi redio. Nilimwambia ni ya shule, nikamdanganya. Na chumvi pia nilikudanganya. Nilitaka kukutania tu, mama." Nikatazama miguu yake iliyo peku. "Hapana. Hata hilo ni uongo. Nilitaka kujua kama bado unamfungulia. Mimi bado namsubiri, na nilidhani nimebaki peke yangu."