Maneno ya Kurudishia Maziwa

Kwenye kituo chetu cha maziwa, huku vilimani Gishwati, mimi huosha madebe na kuchemsha chai. Mwezi ule lori lilikuwa limerudishwa mara mbili. Kiwanda kikatuambia wazi kwamba likifika mara ya tatu na maziwa yaliyochachuka, hawatachukua maziwa yetu tena. Nyumba arobaini zinategemea lile tangi, na yangu ni mojawapo.

Ndipo akatumwa Uwineza kutoka Kigali, awafundishe wapokeaji wetu watatu. Binti mpole. Siku ya kwanza tu alinipokea debe zito bila kuombwa. Alikuja na picha kubwa alizozichora mwenyewe, akazibandika ukutani. Tia maziwa kidogo kwenye glasi, ongeza spiriti, tikisa. Yakifanya chembechembe, yakatae. Picha ya mwisho ilikuwa na kiganja kimenyooshwa mbele kama cha trafiki, na kando yake maziwa yanamwagwa chini.

Baada ya siku chache, maswali yake waliyajibu yote. Karekezi, mkubwa wao, mtu wa miaka hamsini, hakukosa hata moja.

Kesho yake asubuhi nikamwona akitikisa glasi yenye maziwa ya mzee Kanyandekwe. Chembe niliziona hata mimi, na macho haya yangu. Karekezi akatazama pembeni, akamwambia mzee maziwa ni safi. Mzee alipoondoka na baiskeli yake, Uwineza akawahi kuziba mdomo wa tangi kwa mkono kabla hayajamiminwa.

"Baba Karekezi, si jana uliniambia mwenyewe yakifanya chembe yanakataliwa?"

"Nilikwambia."

"Sasa?"

"Sasa yule mzee ndiye aliyempa baba yangu ng'ombe. Uzao wa ng'ombe yule ndio ulionisomeshea watoto. Nimnyooshee kiganja?"

"Mpigie na filimbi kabisa," akasema mwenzake Rutayisire, na Mukarugwiza, mpokeaji wa tatu, akacheka mpaka akashika ukuta.

Uwineza hakucheka. Alikaa juu ya debe lililopinduliwa, machozi yakimlengalenga. "Kumbe siku zote hizi nawafundisha wanachokijua."

Nikampa chai, nikakaa karibu naye. "Mwanangu, chembe wanazijua tangu wakiwa wadogo. Wasichokijua ni waseme nini."

Akanywa kidogo. "Wewe bibi ungesema nini?"

"Ningesema maziwa yameamua kuwa mtindi kabla hatujayaomba."

Akainuka, akakibandua kile kiganja ukutani. Kisha akachukua fimbo yangu, akaupinda mgongo. "Leo sifundishi. Mimi ni mzee Kanyandekwe. Haya, nirudishieni maziwa yangu."

Rutayisire akaanza. "Mzee, maziwa yako mabaya."

"Mabaya? Ng'ombe wangu amekukosea nini?"

Tulicheka sana. Mukarugwiza yeye alilipokea debe kwa mikono miwili, akauliza kwanza hali ya ng'ombe, mmoja mmoja. Uwineza akasema hilo liandikwe. Karekezi alijaribu mara nne. Mara tatu aliishia kwenye salamu tu, na hakuna aliyemtania. Mara ya nne maneno yakatoka. Kila neno lililowapendeza wote Uwineza aliliandika chini ya picha mpya: mikono miwili imeshika debe, wala hakuna tone lililomwagika.

Alfajiri iliyofuata akaja mzee mwenyewe. Karekezi akatikisa glasi. Chembe tena. Nikaacha kuosha madebe.

Akalishika debe kwa mikono miwili. "Mzee, ng'ombe wako wazima kabisa. Haya ya jana jioni ndiyo yamewahi kuwa mtindi, yakayavuta na ya leo asubuhi. Yarudi nyumbani, wajukuu wayafaidi. Kesho utuletee ya asubuhi peke yake, tutakusubiri."

Mzee akaichungulia ile glasi.

"Baba yako angekunywa sumu kuliko kunirudishia kitu," akasema. "Wewe umefundishwa na nani?"

"Na huyu binti."

Mzee akamgeukia Uwineza. "Ndiye wewe uliyekuwa mimi jana? Nimesikia umenipinda mgongo kupita kiasi."

Uwineza akaziba mdomo kwa aibu. Mzee alikuwa ameshaanza kucheka. Karekezi akamfungia debe kwenye baiskeli, akamsukumia mpaka juu barabarani, wakiongea habari za ndama.

Lori liliondoka saa tatu. Mchana kiwanda kikapiga simu: maziwa yote yamepokelewa. Mukarugwiza akanikumbatia na mikono yangu ikiwa na povu.

Karekezi alisimama mbele ya ile picha ya mikono miwili, akaisoma polepole, kisha akamwomba Uwineza kalamu. Chini kabisa, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika kila siku, akaongeza: *Umsindikize.*