Mstari wa Melchior

Komanda alikuwa amesoma Afrika ya Magharibi, na hadithi yake ilikuwa moja tu: chama cha huko, kilichoanzishwa na watu wachache barazani, kikashinda uchaguzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi watu wakachoka kuhesabu. "Na ujanja wao?" aliwaambia wakubwa wa mouvement, wale waliotawala Butembo kwa bunduki wakati wa vita. "Hapana shindana peke yako. Tafuta mupinzani, umushinde."

Basi wakamchukua Melchior, seremala wa masanduku ya maiti, mtu mpole asiyegombana hata na kuku.

"Ni jeu, muchezo tu," Melchior alimwambia mkewe Emérence. "Siku ya kura batu bote batapanga mustari nyuma ya komanda. Kwangu zéro, kisha narudia nyumbani. Mais mutu mumoja akisimama kwangu, mama, nitakufa."

Emérence akazunguka mtaa mzima akiomba: mukimupenda bwana yangu, mumuache peke yake. Sababu hakuitaja, maana siku zile hata ukuta ulikuwa na masikio. Wote wakakubali. Eh, kukubali kuna kazi gani!

Siku yenyewe, mstari wa komanda ulijipinda hadi sokoni. Emérence alikuwemo, mtoto mgongoni. Ng'ambo ya uwanja Melchior alisimama pekee, kofia mkononi, kichwa chini. Jamani, alisimama kama mfiwa! Na kwetu mfiwa haachwi asimame peke yake. Jirani humsogelea nyuma, kimya, hata kama jana walitukanana. Melchior mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya kila mmoja wao msibani, maana nani hakuzika kwa sanduku lake?

Jokébed, muuza viazi, alikuwa wa kwanza kutoka mstarini. "Aka! Mimi siwezi. Siku ya kuzika mama yangu, alisimama na mimi." Akaenda. Akafuata mwingine, na mwingine. Melchior aliwatikisia kichwa: rudini! Wakadhani analia, wakazidi kuja, hadi mstari wake ukaupita ule wa komanda.

Emérence aliwakimbilia, akawavuta nguo. "Murudi! Mutamuua!" Ngoma za mouvement zikameza sauti yake. Wao wakamsogezea nafasi, wakidhani naye amekuja kusimama.

Komanda hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Emérence kuliko yote. Alicheka taratibu, akapiga makofi, akamfungulia Melchior mlango wa jeep kwa mkono wake mwenyewe. "Félicitations! Mushindi anaenda Beni, wakubwa bamuone."

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Wanawake wakatandika vitenge barabarani ili jeep ipite juu yake. Melchior aligeuka mara moja dirishani, askari wawili wakiwa wamembana, kisha barabara ya Beni ikammeza.

Emérence alianguka mavumbini akipiga yowe. Jokébed akamwinua, akicheka, akamfuta vumbi usoni. "Furaha imekuzidi, mama!"

Emérence akamtazama. Akavua kitambaa kichwani, akainamisha shingo.

"Jokébed," akasema, "sasa simama nyuma yangu."