Taa ya Babu Yake Mzee wa Harbin

Harufu ya siki ilinikaba kabla sijaingia karakana. Mle ndani, nyuma ya maduka ya nguo ya mtaa wa Liuhua, taa mpya za bati zilikuwa zimelowekwa kwenye mapipa ya siki na chumvi ili zishike kutu, ziuzwe kama za kale. Uchafu mtupu. Lakini mimi nilifuata taa yangu.

Yangu ilikuwa ya kweli. Mzee mmoja Mchina wa Harbin, kaskazini kabisa mwa nchi yao, alinipa aliposikia marehemu baba alikuwa gadi wa treni Tabora. Babu yake ndiye aliyeibeba taa hiyo kazini, treni zilipoanza kufika kule. Ilikuwa na masizi yake, na mpini uliolika kwa vidole vya yule babu.

Binamu yangu Dullah, ambaye kila akionacho kwake ni sampuli, aliichukua bila kuniuliza, akaileta hapa itolewe nakala.

Bosi wa karakana akanikabidhi taa yangu kwa mikono miwili, anatabasamu. Ilimeta kama sufuria ya dukani. Masizi hakuna, kutu hakuna, mpini umeng'olewa, umewekwa wa plastiki.

"Sampuli ilikuwa chafu," akasema. "Tumekusafishia bure."

"Unaona, Dada Kauthar?" Dullah akachekelea. "Kama mpya!"



"Nirudishieni kama ilivyokuwa!" nikafoka.

Bosi akaitikia kwa adabu, akaipokea, akaitumbukiza kwenye pipa la siki.