Ndiyo ya Nani

Kitu cha kwanza binti alichoona ni kwamba daktari amevuta kiti chake na kuja kukaa upande wao wa meza. Hakuwahi kufanya hivyo, naye alianza kumtibu mama pumu kabla binti hajazaliwa. Sasa mama na binti wote wagonjwa wake.

"Kuna dawa mbili za pumu," alimwambia binti. "Zote zinatumika, ila hatujui ipi bora. Wagonjwa watakaokubali watagawanywa kwa kura, tulinganishe nani anapata nafuu zaidi. Nawe ungefaa. Lakini ni hiari yako."

"Kura?" mama akacheka. "Daktari, siku hizi dawa ni bahati nasibu?"

"Kwa hili, mama, hata mimi sijui."

Binti aliinamisha uso. Aliona haya kumsikia mtu aliyesoma vile akikiri kutojua mbele yake yeye, aliyeacha shule darasa la tano.

"Itikia basi, mwanangu," mama alinong'ona, akimfinya paja. "Huyu si mgeni."

"Ndiyo, daktari."

"Ndiyo yako, au ya mama?"

Masikio ya binti yakawaka moto. Sababu ya ile ndiyo aliijua: ni hofu, nayo ilimtia aibu, maana ilikuwa ni kumdhania vibaya mtu aliyewafaa kwenye dhiki zote. Miaka yote aliimeza hofu hiyo kila walipoingia chumba hiki. Leo ikamtoka, kwa sauti ndogo.

"Nikikataa, utaendelea kumtibu mama?"