Bi Harusi Kaitwa Kwao

Mwaka sabini na sita, kijiji cha Mwamkulu kilikuwa na lori moja tu, nalo lilikuwa na tabia zake. Likikata kona ya kushoto, honi inalia yenyewe. Likiingia shimoni, taa zinawaka mchana kweupe, utadhani linatafuta sindano. Watu walilipenda hivyo hivyo, wakaliita Bi Harusi. Gelasius, aliyekuwa dereva wake, mpaka leo akisikia harufu ya petroli na mpunga mpya, shingo inageuka yenyewe.

Basi ikaja barua ya mawakala waliouza lori lile. Hana, karani wa kijiji, akaisoma mkutanoni: malori yote ya aina hiyo yarudishwe Dar es Salaam, nyaya za umeme zina kasoro tangu kiwandani, zitabadilishwa bure.

"Kumbe kaitwa kwao!" akasema mzee Manyanda. "Sasa mke akiitwa kwao, tunauliza: nani kampiga?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Haendi. Wiki ijayo Ng'washi, mke wa mwanangu, anapelekwa hospitali kujifungua. Atapanda nini, barua? Dereva, wewe umeona kasoro gani?"

Gelasius akatazama viatu vyake. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba chini ya usukani nyaya tatu zimeungua, amezizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, na chini ya kiti cha abiria kaficha kopo la mchanga wa kuzimia moto. Moshi umetoka mara mbili. Akisema, lori linaondoka, naye anabaki mkulima kama wengine, tena mvivu. Akamwona Ng'washi mkekani, mikono juu ya tumbo. Ni yeye atakayekalia kile kiti.

"Linaungua, mzee," akasema. "Nalifunga bandeji tu."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na juzi ukanipakia na kuku wangu!" akafoka Bernadetha, dada yake Manyanda. "Gelasi, ulitaka tuive pamoja?"

Ikaamuliwa Bi Harusi aende, ila asiende peke yake, wasije wakarudishiwa mwingine. Bernadetha akajitolea, akapanda treni, lori nyuma limefungwa minyororo kwenye behewa la wazi. Ng'washi akapelekwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. "Hawa hawana nyaya," Manyanda akamwambia, akawaongoza mwenyewe. Akazaliwa binti.

Baada ya miezi miwili Bernadetha akashuka stesheni ya Mpanda na lori lake. Akafungua fundo la kanga mbele ya Gelasius: vipande vya nyaya, vyeusi kama mkaa.

"Nimewaomba mafundi. Hizi zilikuwa huko nyuma, jirani na tangi la petroli. Nazo ulizifunga?"

"Hapana, mama. Sikujua hata kama zipo."

Akazishika, zikamvunjikia mkononi. Ufunguo alipewa, lakini kwanza akaenda nyuma ya lori, akainama, akazikagua nyaya mpya moja moja. Wakakaa kwenye ngazi za stesheni wakila karanga za moto, na Bernadetha, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakumtania.