Maumivu Yakiisha, Tupa

Jumatatu moja ya mwaka 1954, baada ya sala ya alfajiri, Bi Ummu wa mtaa wa Mkomani, mjini Amu, alipanda kigoda ili apanguse vumbi kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, katika chumba cha ndani, akakuta mabakuli saba ya kaure yamejaa maji hadi ukingoni. Jana yake yalikuwa makavu. Alichovya kidole, akaonja. Yalikuwa maji ya chumvi. Kwa kuwa kumwaga kitu kilichokwisha kutiwa chumvi ni israfu, aliyashusha bakuli moja moja, akayapeleka jikoni, na adhuhuri wali ukapikwa kwayo.

"Yeo wali umekolea," alisema mumewe, Bwana Muhdhar, akaongezwa.

Siku ya pili mabakuli yaliyojaa yalikuwa tisa. Bwana Muhdhar hakuwa mtu wa kuacha ukuta wake bila kukaguliwa. Alimwita Abdulhalim, fundi wa chokaa, naye akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, kisha akalamba.

"Ukuta hauvuji, Bwana," alisema. "Ukuta walia. Humu ndani mna mtu asiyelia, nao umemshikia zamu."

"Na dawa yake?"

"Mimi kazi yangu chokaa."

Akanywa kahawa aliyowekewa, akaenda zake.

Kwenye kitanda kilichokuwa chini ya zidaka hizo alilala Saadiya, binti yao wa pekee, mwenye umri wa miaka kumi na tisa. Aliyasikia maneno ya fundi, akajua ni nani anayesemwa. Hakujali. Miezi saba ilikuwa imepita tangu alipojali jambo lolote kwa mara ya mwisho.

Mwanawe, Amini, alikuwa amefariki zikiwa zimebaki siku saba atimize siku arobaini tangu azaliwe. Mume wake, Jeilani, alikaa hadi matanga yakaondolewa, kisha akasafiri kwenda Kiwayu na kuleta talaka kwa barua yenye adabu nyingi. Saadiya alilia. Alilia mchana, alilia wakati wa wageni, na sauti yake ikatoka hadi dakani, ukumbi wa mlangoni walipoketi wanaume. Bwana Muhdhar alisema kwamba kumlilia maiti ni kumshitaki Mola. Sheria haikukataza machozi, ilikataza mayowe. Lakini Bwana Muhdhar hakupenda kutofautisha. Alimtolea mfano mamake. Bi Ummu alikuwa amezika watoto wanne kabla ya kumzaa Saadiya, na hapana jirani aliyewahi kumsikia. Jambo hilo lilisifiwa mtaani kote.

Ndipo ilipoletwa dawa. Mtoa dawa alikuwa kijana mgeni kutoka bara, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Alitoa tupa ya kahawia, maana huko Amu chupa huitwa tupa, yenye maji ya afyuni ndani yake, akabandika karatasi iliyosema: *Kijiko kimoja baada ya alasiri. Maumivu yakiisha, tupa.*

Bwana Muhdhar, aliyejivunia kuzijua herufi za Kizungu, aliisoma karatasi hiyo mbele ya nyumba nzima, herufi kwa herufi. Maana ilikuwa wazi. Maumivu yakiisha, iletwe tupa nyingine. Bi Ummu aliuliza ni dawa gani inayonywewa maumivu yakishakwisha. Mumewe alimjibu kwamba dawa ya Kizungu haiulizwi.

Maumivu yaliisha siku ya nne. Ikaletwa tupa. Kijiko kikawa viwili, kisha vitatu. Saadiya hakulia tena. Alizihesabu boriti za dari, zilikuwa ishirini na moja, akaridhika nazo. Hakuna mtu mjini aliyeingoja adhana ya alasiri kwa hamu kuliko yeye, hata mwadhini. Alijifunza kusema uongo: alisema amemwaga ilhali amekunywa, alisema ameota ndoto mbaya ilhali haoti kitu. Tupa moja aliificha kidakani nyuma ya sahani ya mababu. Wageni walimwona amekaa kimya, mato yamefumba nusu, wakampongeza mamake kwa malezi.

Na tangu Jumatatu ile, kila kijiko alichokunywa kiliongeza maji katika mabakuli.

Aliyekwenda kuchukua dawa kila wiki alikuwa Barka, mwanamke mzee aliyewalea watu wa nyumba hiyo vizazi viwili. Mwezi wa nane wa dawa hiyo mtoa dawa alimtazama, akakunja uso.

"Mama, mbona mwaja tena? Si niliwaandikia tupa?"

"Uliandika, mwanangu. Na tupa hini hapa nimekuya nayo."

"Basi mbona hamtupi?"

"Hatutupi nini? Tupa si hini? Nyingine hatuna."

Yule kijana aliichukua ile tupa, akaenda dirishani, akaivurumisha nje. Ilivunjika juu ya mawe. Barka aliitazama mpaka kipande cha mwisho kikatulia.

"Nimefahamu," alisema. "Haya, nipa nyingine."

Akapewa, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa ya watu wa heshima. Barka alipofika nusu ya njia ndipo maana ilipomfikia, akaketi juu ya ngazi ya msikiti kwa muda. Kisha akaenda moja kwa moja chumba cha ndani.

"Mwanangu," alisema, "bara, tupa si tupa. Tupa ni kutupa."

Saadiya alimtazama. Jambo hilo lilimwingia polepole, kama mtu mzee akipanda ngazi. Miezi minane ya maisha yake ilikuwa imekwenda kwa neno moja lililosomwa vibaya kwa sauti kubwa. Alianza kucheka. Alicheka mpaka kitanda kikatetemeka, na katikati ya kicheko hicho tone moja likamtoka jichoni, na papo hapo bakuli moja juu yake likapungua kwa kadiri ya tone hilo. Wote wawili waliliona.

"Matozi yangu hayo," alisema Saadiya. "Nayataka." Akaitoa ile tupa ya kidakani, na Barka akaitupa pamoja na mpya.

Siku tisa zilizofuata hazistahili kuelezwa kwa mapambo. Alitapika, alitetemeka, mifupa ilimwasha kwa ndani. Alimtukana Barka matusi ambayo hakuna aliyejua kwamba anayajua. Alimwomba tupa kwa jina la Mungu, kisha kwa jina la Amini. Barka alimfunga viuno kwa leso, akamnywesha uji wa mtele, akamwambia, "Tukana, mwanangu, mimi nimetukanwa na wakubwa wako wote." Mabakuli yalishuka hadi matano, kisha mawili. Siku ya kumi yalikuwa makavu, na Saadiya akaketi kitandani, akamlilia mwanawe kwa jina.

Ilikuwa adhuhuri. Bwana Muhdhar alikuwa na wageni dakani.

"Amini!" ilisikika sauti. "Amini wangu!"

Mgeni mmoja aliitazama sahani yake. Bwana Muhdhar alitia tonge kinywani, akatafuna, akaliweka chini la pili.

"Wali hauna munyu," alisema.

Wageni walipoondoka, Barka alimwambia kwamba hata Mtume alimlilia mwanawe. Bwana Muhdhar alisema kwamba Mtume hakuwa na majirani wa Mkomani. Akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akaenda mwenyewe kwa mtoa dawa. Kijana yule alimwomba radhi, akamweleza neno lile taratibu: tupa ni kurusha, ni kuacha, dawa hii ilikuwa ya siku nne tu. Bwana Muhdhar alisikiliza hadi mwisho. Alifahamu kila neno.

"Ahsanta," alisema. "Kwetu sisi, tupa ni tupa."

Akarudi na tupa mpya chini ya kwapa, akamkabidhi mkewe.

Alasiri ilipoadhiniwa Bi Ummu alikaa kando ya kitanda, akajaza kijiko. Saadiya alifumba midomo. Meno yake yaligongana, kwa kuwa mwili ulikuwa bado ukikitaka kile kijiko. Lakini aligeukia ukutani, wala hakugeuka tena.

"Mama, siwezi kumzika mara ya pili," alisema.

Bi Ummu alibaki na kijiko mkononi. Hakujua akipeleke wapi. Kukirudisha katika tupa hakukuwezekana, na kukimwaga kulikuwa israfu. Kisha, kwa utaratibu aliokuwa akifanyia mambo yote, akakinywa yeye.

Asubuhi yake mabakuli yote kumi na sita yalikuwa yamejaa, na sahani ya mababu, na sinia la harusi lililokuwa halijateremshwa kwa miaka ishirini na mitano. Bi Ummu aliyashusha moja moja, mato nusu, akitabasamu kidogo. Saadiya alichovya kidole, akaonja. Haikuwa chumvi yake. Ilikuwa kali zaidi, chumvi ya watoto wanne.

Adhuhuri wali ukapakuliwa. Bwana Muhdhar alionja, akafumba macho, akamshukuru Mola.

"Binti amepona," aliwaambia wageni, akaomba aongezwe.