Somo la Gari Lisilosimama

Barabara iliyopita chini ya kijiji, upande huu wa Kanyakine, ilikuwa safi kuliko sahani. Wanawake waliifagia kila walipoamriwa, na waliamriwa mara nyingi, kwa kuwa ilikuwa Hali ya Hatari na mtu aliyekaa bila kazi alidhaniwa kuwa anafikiria jambo. Vichaka vya kando vilikatwa vyote. Jiwe likionekana njiani, hedimani Kaberia, mkuu wa kijiji, alitaka kujua limetoka kwa nani.

Halafu lori la askari likamgonga mbuzi wa Nelius mchana kweupe. Serikali ikalitazama jambo hilo kwa makini, ikaamua kwamba wanaohitaji kufundishwa ni wanaotembea kwa miguu.

"Afadhali alikufa," Nelius alimwambia jirani yake Wanja. "Angepona angefungwa kwa kuvuka vibaya."

Wanja alicheka, lakini moyo wake ulikuwa Embu. Mumewe, Njagi, alikuwa fundi seremala huko, na tangu sheria za pasi zikazwe, Njagi hakuruhusiwa kutoka Embu wala Wanja kuingia. Mtoto wao, Marete, alikuwa ameshaota meno bila baba yake kumwona. Kila Wanja alipoomba pasi, Kaberia alimjibu kwamba anafikiriwa.

Basi siku moja Kaberia akamwita.

"Bwana DO anakuja kuona tulivyofundishika. Wewe utavuka barabara mbele yake na mzigo wa kuni, kama mama yeyote. Unatazama kulia, unatazama kushoto, unatazama kulia tena. Ukivuka vizuri, pasi ya Embu nitakuombea mimi mwenyewe. Ukiniaibisha, baba na mtoto wataonana kukiwa na ndevu."

"Za nani, baba?"

"Za mtoto."

Wanja akaanza kujizoeza uani. Wanawake wa huku hubeba kuni mgongoni, na mzigo wote huning'inia kwenye mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita juu ya paji la uso. Shingo iliyobeba kuni haina nafasi ya kutazama kulia. Ukiilazimisha, ukanda unateleza na kuni zinamwagika.

"Baba, kichwa hakigeuki," alikwenda kumwambia Kaberia.

"Sheria haikutaja kichwa. Ilisema utazame. Geuza mwili."

"Na kuni zinazotokeza huku na huku?"

"Walio karibu wajihadhari. Hiyo nayo ni usalama barabarani."

Siku ikafika. Gari la mfano lilikuwa lori la Ogle, Msomali mfanyabiashara wa Meru mjini, na dereva wake, Bulle, alilisimamisha kwenye mteremko, pua ikitazama bondeni. Ilikuwa desturi yake, maana stati ilikufa zamani na lori liliwaka kwa kuteremka tu. Akashuka upesi, akasukuma jiwe zito mbele ya gurudumu. Wanja alikuwa anapita na mtoto, akamwona.

"Kwani breki haiko?"

"Iko, mama Marete, ila imezeeka. Inasikia siku ikitaka." Bulle akatazama nyuma yake. "Usiniseme. Bwana akijua, lori hili halitakanyaga barabara tena, na Ogle atanimaliza."

"Mimi sijaona kitu," Wanja akasema.

Bwana DO, ofisa wa Kizungu wa tarafa, alifika na Landrova, kaptura yake imenyooka kama ubao. Akaamuru dereva naye aje asimame na watu asikie somo. Wanja akamkabidhi Nelius mtoto, akainama kujitwisha kuni.

Kaberia akaikagua barabara mara ya mwisho. Hapo ndipo alipoliona jiwe. Baada ya kufagia kote kule, jiwe zima limekaa waziwazi mbele ya Bwana DO. Safari hii hakuuliza limetoka kwa nani. Alilisukuma mwenyewe mpaka ukingoni, akakung'uta viganja, akarudi mahali pake na saluti. Lori likabaki limesimama. Breki ilikuwa imeamua kusikia.

Wanja akageuka mwili mzima kulia: lori limetulia. Akageuka kushoto, na watu wakarudi nyuma kukwepa kuni. Akageuka kulia tena. Kisha akaingia barabarani.

"Nzuri sana," akasema Bwana DO.

Wanja alikuwa katikati aliposikia kokoto zikisagika. Hakukuwa na mngurumo wa gari, kokoto tu, na sauti ya Nelius: "Wanja, toka. Toka, lori linakuja."

Kichwa hakigeuki. Kukimbia na mzigo ule hawezi. Na kuutupa ni kosa, kwa sababu kanuni ya kutoacha kitu barabarani Kaberia aliwasomea mpaka wakaiota. Aliiona pasi ikianguka pamoja na kuni. Halafu akamsikia Marete akilia, akainamisha kichwa, mukwa ukachomoka, akaruka kando.

Gurudumu likazipanda kuni, likazivunja, likanaswa. Lori, ambalo halikuwa limepata mwendo, likasimama limeinama upande.

"Nani ameweka kuni barabarani?" Bwana DO akauliza.

Kaberia akatazama pale lilipokuwa jiwe, kisha akatazama viganja vyake. Bulle akatazama mbinguni. Wanja aliliona jiwe ukingoni, akayajua ya wote wawili, na wote wawili walijua kwamba anayajua.

"Ni somo la mwisho, Bwana," akasema, pumzi zikimpanda. "Somo la gari lisilosimama. Mtu anatupa mzigo, anaokoa roho."

"Ndiyo, Bwana," Kaberia akadakia. "Tulilificha ili liwashtue watu."

"Na dereva?"

"Mimi niliambiwa nisiwe ndani, Bwana," akasema Bulle.

Bwana DO akalizunguka lori, akatikisa kichwa kwa furaha. "Hii hata Nairobi hawana. Watu wa Embu lazima waone. Huyu mama aende, na lori hili hili, na dereva huyu huyu."

Pasi ikaandikwa palepale, juu ya boneti ya Landrova.

Asubuhi ya safari Nelius alimsaidia kufunga kuni nyingine. "Kwa hiyo unakwenda Embu kugongwa."

"Kugongwa kidogo tu, kisha nimwone Njagi."

"Anza na Njagi."

Wanja akapanda mbele na Marete. Halafu akashuka, akaenda ukingoni, akalikumbatia lile jiwe, akalileta na kuliweka kati ya miguu yake.

"La nini?" Bulle akauliza. "Embu kuna mawe."

"Hili nimeshalijua."

Bulle akaliachia lori liteleze mpaka likawaka. Kaberia, aliyekuwa amesimama kando kuwaaga, alifurahi kuona barabara yake imepungua jiwe.